Ganzi ya Wifi Klementina

Kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usisikitike. Nitakurudisha hadi pale tulipofika, kwa maneno machache, kisha tuendelee kuumia pamoja.

Mimi ndiye Getruda. Mume wangu Fortunatus alivuka Ruvuma akisema anakwenda kutafuta maisha, na sijui kama aliyapata, maana hakurudi kuniambia. Ndugu zake wakachukua mikorosho. Mimi nikaugua. Nikiwa nimelala hoi, wifi yangu Klementina akaja kutoka Ruangwa, akambeba binti yangu Skola mgongoni, akasema atakaa naye kwa muda tu ili nipate nguvu.

Skola alikuwa ndio kwanza anajifunza kutembea. Ilipofika mwaka 2008 nilikuwa nasikia kwa watu kwamba meno yake ya mbele yameanza kutikisika. Bado alikuwa Ruangwa.

Kwa mila zetu mtoto ni wa upande wa mama, na akichukuliwa, mjomba ndiye anayekwenda kumdai. Anakaa barazani, anakohoa, anasema maneno mawili, mtoto anafungiwa nguo zake. Mimi mjomba sina. Niliyekuwa naye alikufa kabla sijaolewa. Nikaenda mwenyewe. Nikapewa chai, nikapewa ugali, nikaambiwa Skola amepelekwa Narung'ombe kwa bibi yake. Mara ya pili alikuwa Malolo. Ukiwa huna mjomba, mtoto wako huwa safarini kila unapofika.

Tulikomea pale kwenye saluni ya dada Samia, hapa Nachingwea, ambako nilikuwa nimepata kazi ya mashine ya kukaza ngozi. Pazia lilifunguliwa. Aliyeingia, mtandio umemfunika mpaka puani, alikuwa Klementina mwenyewe.

Haya, tuendelee.

Nilimjua mwanamke yule akiwa na mwili wa kujaza mlango. Huyu aliyekaa kwenye kiti changu alikuwa nusu yake. Alipofungua khanga niliona ngozi ya tumbo imening'inia, imekunjamana, na shingo hivyo hivyo. Nyama ilikuwa imeondoka, ngozi imeachwa nyuma.

Sikuuliza. Siku zile mtu akikonda, majirani hawakungoja vipimo. Walimpima kwa macho, wakatoa majibu kisimani, na ugonjwa waliokuwa wakiutaja ulikuwa mmoja tu. Nilijua Ruangwa nzima ilishamzika wifi yangu akiwa hai.

Alinieleza mwenyewe, macho kwenye ukuta. Mwanawe wa kwanza, Dastani, alikuwa anaoa. Bibi harusi anatoka Nambilanje, kwa watu wenye macho makali. Mama wa bwana harusi hufungwa khanga, huchezeshwa ngoma katikati ya uwanja, kila mtu anamtazama. Hakutaka kutazamwa akiwa na ngozi ile.

Kisha akasema neno ambalo nilikuwa nimelingoja tangu Skola aondoke.

"Nikaze hili tumbo na hii shingo. Mtoto wako nitakurudishia."

Nilishika meza. Nilimwomba arudie. Akarudia, polepole, kama anavyoongea mtu anayemhurumia mjinga.

Sasa nikuambie kuhusu mashine. Dada Samia aliinunua Dar ikiwa imeshatumika, akanipeleka huko nikafundishwe. Ina kichwa kama pasi ndogo. Unapaka jeli, unapitisha kichwa juu ya ngozi, joto linazama ndani, na ngozi inajivuta kama ya ngoma iliyosogezwa kwenye moto kabla ya kupigwa. Inauma. Asikudanganye mtu.

Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ilikuwa mashine na nusu ilikuwa maumivu. Mwalimu wangu wa Dar, mama mmoja mkali, alinikataza kabisa kumpaka mteja ganzi. Alisema mteja ndiye kipimo. Akisema moto, unasogeza mkono. Ukimtia ganzi, umemfunga mdomo mlinzi na nyumba iko wazi.

Nilikuwa na njia zangu. Nilipita kidogo, nikapumzika kidogo. Nilikuwa na vitambaa kwenye maji ya mtungi, navikamua, naweka pale nilipotoka kupita. Nilimwambia mteja avute pumzi puani na kuitoa wakati kichwa kinapita mbavuni, maana hapo ndipo panapouma zaidi. Na nilimwongelesha. Kuna mama mmoja alikuwa anaimba nyimbo za kwaya, na kwa jinsi alivyopandisha sauti nilijua joto limefika wapi. Kuna mwalimu wa shule ya msingi alikuwa anamsema mume wake, taratibu, kwa Kiswahili safi. Nilimwacha aseme. Alikuwa ananipa habari kuliko taa za mashine.

Na waliojikaza niliwasoma miguuni. Uso wa mwanamke wa kwetu hausemi kitu, umeshafundishwa. Lakini vidole vya miguu havikwenda unyago. Joto likizidi, vinajikunja.

Basi nikamuuliza wifi yangu maswali yote. Presha? Hana. Kisukari? Hana. Mimba? Akanitazama tu. Alisema yeye ni mzima kama jiwe la kusagia. Nikamwambia jambo moja ambalo ni lazima alifuate: akisikia moto, aseme.

Akatabasamu. "Mimi si wewe, Getruda."

Wasomaji wa zamani mnajua alimaanisha nini. Wageni niwaambie. Nilipokuwa namzaa Skola nililia. Nililia kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Kwetu msichana anafunzwa mapema kwamba uchungu wa uzazi haupigiwi kelele, unaumeza, mtoto anatoka, unafuta jasho. Klementina ndiye aliyenishika mkono siku ile, na ndiye aliyelitoa jambo lile nje. Alizunguka nalo ukoo mzima akisema mke wa Fortunatus alilia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba. Nadhani ndipo mume wangu alipoanza kuniona mimi si kitu. Kama si hapo, ni karibu na hapo.

Nilianza na tumbo, kwa joto la chini. Klementina alilala, mikono kifuani, macho darini. Nikapita tumboni mara ya kwanza. Kimya. Nikatazama vidole vya miguu. Vimelegea.

Nikapandisha kidogo. Nikamuuliza. Akasema endelea.

Nikapita mbavuni, pale ambapo yule mama wa kwaya alikuwa anafika juu kabisa. Vidole vimelegea, tumbo halikushtuka, pumzi ile ile ya mtu aliyelala baada ya kula. Nilishangaa. Sijawahi kuona mwili wa namna ile. Nikajiambia basi kweli huyu ni jiwe, na mimi ni mbuzi, wala hakunisingizia.

Hapa wasomaji wangu mnisamehe, au msinisamehe, nitasema tu. Ningeweza kuishia pale. Joto lile lilikuwa linatosha. Lakini hasira ilinipanda. Miaka yote ile ya kwenda Ruangwa na kurudi mikono mitupu ilinijia, pamoja na yale maneno yake ya mbuzi. Nilitaka alie. Si sana. Mara moja tu, "aa," nisikie, kisha ningeweka kitambaa cha baridi na kumwambia pole wifi.

Nikapandisha tena.

Hakulia. Aliniuliza kama bei ya ufuta Nachingwea imepanda.

Nilichokuja kusikia kilikuwa harufu. Mwanzo nilidhani ni jeli. Nikaondoa mkono upesi, nikafuta. Ngozi ilikuwa nyekundu, na sehemu moja upande wa kulia ilikuwa imekuwa nyeupe, haina damu. Nilizima mashine, shingo nikaiacha, nikaweka vitambaa vyote nilivyokuwa navyo.

Yeye akajishika tumbo, akajitazama kwenye kioo, akageuka huku na huku. Ngozi ilikuwa imejivuta kweli. Sikuwa nimemwona Klementina akicheka kwa furaha tangu harusi yangu. Alitoa simu palepale, akampigia Dastani, na mimi nikasikia kwa masikio yangu akimwambia amlete Skola nyumbani kwangu Nachingwea keshokutwa, na nguo zake zote.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya saluni, nikalia. Kilio cha pale hakikuwa na aibu yoyote.

Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumwona rafiki mgonjwa, kwa hiyo akaja kulala kwangu. Jioni, wakati napika, niliona ameshika ubavu. Nikamwomba nitazame. Malengelenge yalikuwa yamejaa kuanzia kitovuni mpaka kiunoni, makubwa, yamebeba maji. Ile sehemu nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya ngozi iliyokauka.

"Wifi, ulikuwa husikii kabisa?"

Alifungua pochi akatoa tyubu ya dawa, imekamuliwa mpaka mwisho. Ilikuwa ganzi. Alikuwa ameipata kwa mtu wa duka la dawa, huko kwao, na huyo akamwelekeza aipake nene, ajifunge nailoni juu yake, akae nayo mpaka ngozi ife. Alikuwa amejipaka gesti asubuhi ile, akajifuta mlangoni mwa saluni. Ule utelezi nilioukuta tumboni nilidhani ni mafuta ya nazi.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Wakati huo ganzi ilikuwa imekwisha, na uso wake ulikuwa unatoka jasho, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Ulitaka nilie mbele yako?"

Ndicho nilichokuwa nataka.

Nikataka twende hospitali. Akakataa. Hospitali wangeuliza nani kafanya, kwa nini, habari ingefika Ruangwa kabla ya basi. Akaniambia nimwuguze mwenyewe, tuseme ana malaria. Nilimmwagia maji safi, nikafunika kidonda kwa kitambaa nilichokichemsha. Dada Samia alikuwa amesafiri, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunishauri ila tamaa yangu. Nayo ilinishauri kwamba Skola anakuja.

Kesho yake homa ilimpanda. Alikunywa mtungi mzima wa maji na bado anaomba. Kila mara ananiita nimshike aende uani, na alipochoka kutembea nikamwekea ndoo. Mchana nilipokwenda kuimwaga, niliona sisimizi. Walikuwa wamejipanga kutoka mlangoni mpaka kwenye ndoo, wanazunguka ukingo.

Nilisimama na ile ndoo. Kwetu hata mtoto anajua sisimizi wanafuata nini kwenye mkojo.

Nikarudi ndani, nikamwambia ana kisukari na alikuwa anajua. Aligeukia ukuta. Akasema ndiyo, anajua, ndicho kilichomkondesha, na dawa anazo Ruangwa lakini amezifungia sandukuni. Nikamuuliza kwa nini basi asiwaambie watu, wanyamaze na yale wanayoyadhani. Akasema wakwe wa Nambilanje walishatuma mtu kuuliza magonjwa ya ukoo. Akitaja sukari watasema inarithiwa, na ndoa ya mwanawe imekwisha.

Nikakaa chini. Mtu wa sukari kidonda chake hakifungi. Hilo nalo niliambiwa Dar, na ndiyo sababu tunauliza.

"Twende hospitali sasa hivi, wifi."

"Ukinitoa humu ndani nampigia Dastani." Simu ilikuwa kifuani kwake, ameishika kwa mikono miwili. "Mtoto hatatoka Ruangwa. Ngoja kesho. Mtoto akishafika mikononi mwako, nitakwenda mwenyewe."

Nikangoja.

Nilijua ninachofanya. Nilimpa maji, nikambadilishia kitambaa, nikamnunulia Panadol, na kila nilipomtazama nilikuwa nahesabu moyoni si uhai wake, ila umbali wa mtoto wangu. Nikatoa godoro dogo, nikalipiga vumbi. Nikanunua kiberiti na biskuti. Mwanamke anaoza kitandani kwangu na mimi natandika kitanda cha binti yangu.

Asubuhi ya siku ya kuja Skola, Klementina aliniita kwa jina la mama yake.

Nikamsogelea. Midomo imepasuka, macho yako mbali, pumzi inanuka kama tunda lililoiva mno. Nikafunua kitambaa. Wekundu ulikuwa umevuka kiuno, unashuka pajani, na kidonda kinatoa harufu. Nilimgusa pale pale penye kidonda, makusudi, nione. Safari hii vidole vya miguu vilijikunja vyote, na machozi yakamtoka kwenye pembe za macho bila sauti yoyote.

Pale hasira yangu yote iliisha. Sijui ilikwenda wapi. Nilimwona tu mwanamke mzima anayeogopa kulia.

Nikamwambia, "Wifi, naita gari."

Akili ilimrudi. Aliitafuta simu kwenye shuka. "Humpati, Getruda. Nasema humpati."

"Nimesikia."

Nikatoka. Nilikimbia kwa Mzee Yunusi mwenye pikapu, nikamkuta anapakia magunia ya ufuta, nikamwambia nina mgonjwa wa kisukari aliyeungua, na mimi ndiye niliyemuunguza. Nilisema hivyo mbele ya wapakiaji wake wote. Hakuuliza zaidi, akawaambia washushe magunia. Njiani nikapita kwa nesi jirani yangu, Mwantumu, nikamweleza kila kitu, mashine, ganzi, sisimizi. Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau, akavaa viatu.

Kila hatua nilikuwa najua Klementina anapiga simu. Nilikuwa namwona Dastani akimshika Skola mkono, wanashuka, wanavuka barabara, wanangoja gari la kurudi. Nikajiambia nimempoteza mtoto, na safari hii hakuna aliyeninyang'anya.

Tulipofika kwangu mlango ulikuwa wazi.

Dastani alikuwa amesimama katikati ya chumba, kijana mrefu, vumbi la barabarani mpaka kwenye nyusi. Walikuwa wamepata lori la alfajiri, hawakungoja basi. Alinisalimia, shikamoo, kwa mazoea tu, lakini macho yake hayakuwa kwangu. Na karibu na miguu yake, amevaa gauni la njano lililomzidi, alikuwapo Skola.

Uso wa Fortunatus, mikono yangu. Pengo mbele. Nilipiga magoti, nikafungua mikono, nikamwita jina lake.

Akanipita.

Alinipita kama unavyokipita kiti. Akaenda kitandani, akapanda kwa magoti, akamshika Klementina shavu kwa viganja vyote viwili.

"Mama," alimwambia. "Mama, tumekuja."

Hakuna aliyemfundisha kuniumiza. Ndilo jina alilolijua. Nilibaki chini, mikono bado iko wazi, na Mwantumu akanishika bega.

Klementina alifumbua macho. Alimtambua mtoto, hilo niliona. Akamwambia kwa sauti ya kukwaruza, "Mama yako ni yule."

Skola aligeuka akanitazama. Alinitazama vizuri, kuanzia kichwani mpaka magotini, kama mtu anayepewa chenji asiyoiamini. Kisha akamrudia Klementina, na kwa kuwa Mwantumu alikuwa ameshafika pembeni na kufunua kitambaa, akaona tumbo. Mtoto hakupiga kelele. Alikuwa amelelewa na Klementina.

"Nani kakuchoma?"

Nje Mzee Yunusi alikuwa amewasha pikapu. Nilifungua mdomo niseme ni mimi, kama nilivyosema mbele ya wapakiaji, mbele ya nesi, lakini mbele ya macho yale mawili sauti haikutoka.

Klementina alinitazama. Alitazama pia tyubu tupu ya ganzi iliyokuwa dirishani, na mwanawe anayeoa, ambaye hakujua lolote kuhusu ganzi wala sukari. Akalamba midomo.

Dastani alikuwa ameliweka chini begi la nguo za Skola alipoingia. Sasa aliinama akaliokota tena, akalining'iniza begani, akasubiri mama yake ajibu.